Mpapai Dume wa Sengi Minza

Nakumbuka, mwanangu, siku nilipoupigilia mti msumari ili uzae. Usicheke bado. Cheko lako liweke akiba, utalihitaji huko mbele, maana ule msumari ndio ulikuwa upumbavu mdogo kuliko wote nilioufanya mwaka ule.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, nimeoa mwaka mmoja tu nyuma, kifua kimejaa kama gunia la pamba lililoshindiliwa kwa miguu. Tuliishi katika boma la baba, nje ya Bariadi, na nyumba za kule hazikubanana kama za mjini. Jirani wa karibu, ukitaka akusikie, ulipaswa kupiga yowe mara tatu: la kwanza limfikie, la pili limgeuze, la tatu limwambie kuna nini. Kati yetu na yeye palikuwa na pamba, pamba na pamba tena. Hilo la jirani kuwa mbali lishike vizuri, lina kazi yake.

Nyuma ya jiko palikuwa na kibustani cha shangazi yangu. Sisi Wasukuma shangazi tunamwita sengi, na huyu wangu alikuwa Sengi Minza, dada mkubwa wa baba. Aliwahi kuolewa Zagayu. Akakaa kule miaka saba bila kupata mtoto, na enzi zile neno lilikuwa moja tu: ng'ombe wa mahari wakarudishwa kwa mume, naye akarudi kwa kaka yake akiwa na kigoda kimoja na chungu kimoja. Baba akamjengea nyumba ya vyumba viwili ndani ya boma, na habari ile haikuzungumzwa tena. Mama alipokuwa shambani, aliyenibeba mimi ni Sengi. Mgongo wake naujua kuliko ninavyozijua sura za watu wengi.

Sasa sikia habari za mipapai.

Umewahi kuiangalia mbegu ya papai, mwanangu? Iangalie siku moja kabla hujaitupa. Nyeusi, imekunjamana kama punje ya pilipili manga, imevaa kijifuko cha ute. Sengi alizisugua mbegu zake kwa majivu mpaka ule ute ukatoka, akazianika kivulini, akazisia kwenye karai lililotoboka. Miche ilipofika urefu wa kiganja akaihamishia nyuma ya jiko, kila mmoja juu ya kituta chake, kwa sababu udongo wetu ule mweusi wa mbuga ukishashika maji hauachii, na mpapai ni kama bwana harusi, haupendi kulowa miguu. Akaitilia samadi iliyooza kutoka zizini. Maji ya kuoshea vyombo akayachimbia kamfereji, yakawa yanaenda yenyewe kunywesha.

Ikaota. Mimi nilizaliwa nikaikuta mikwaju imeshakuwa mizee, nikajua mti ni kitu ambacho babu hupanda ili mjukuu akapumzike. Lakini ile mipapai, ukiusalimia mmoja mwangaluka asubuhi, jioni ya siku hiyo hiyo ukitaka kuuambia mwadila ulilazimika kuinua shingo. Nimetia chumvi, sikatai, lakini ni kijiko kimoja tu. Miezi mitano haikuisha na majani yake yalishatazama juu ya paa la jiko. Shina laini, ndani uwazi, halina hata mbao ya kutengenezea kijiko, ila limesimama na kubeba. Sengi alikuwa akiweka kiganja chake juu ya shina, taratibu, kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito, na kusema, "Kutoka mbegu mpaka tunda, miezi tisa. Hesabu hii nani aliwaambia miti?"

Mpaka leo nikiifikiria nasimama kidogo.

Mipapai ilikuwa minane. Mmoja ukatangulia kutoa maua, na maua yake hayakuwa ya kawaida. Yalitoka kwenye vikamba virefu vinavyoning'inia, kama shanga zilizokatika kiunoni, vijiua vidogo vya rangi ya maziwa, vingi kuliko ng'ombe wa mnada, na harufu yake jioni ilikuwa inakuita kwa jina. Tukangoja matunda. Vikamba vikaanguka, vikaja vingine. Hata tunda la ukubwa wa kitufe cha shati halikuonekana. Rafiki yangu mmoja, tuliyechunga naye tangu tukiwa wadogo, akapita akautazama, akasikitika kama daktari.

"Huo ni dume," akasema. "Hauzai mpaka kiyama. Upigilie msumari wa inchi nne, kimo cha goti. Ukishtuka, unageuka jike."

Nikaupigilia. Nilipiga kwa bidii ya mtu anayejenga kanisa. Mke wangu Kabula, ambaye ulimi wake hauna breki, alikuwa anapepeta mtama pale karibu akaniuliza, "Na mimi mwaka umepita sijazaa. Msumari wangu utakuwa wa inchi ngapi?"

Nikacheka, Kabula akacheka. Sengi alikuwa mlangoni kwake. Yeye hakucheka, nami sikuona.

Wiki mbili zikapita. Msumari ukaanza kutu, mti ukaendelea kuning'iniza shanga zake kama vile hakuna kilichotokea. Asubuhi moja nikachukua panga. Mpapai hauhitaji shoka, mwanangu, panga lilizama kama kisu kwenye tikiti, mara mbili, na mti ukalala ukitoa maziwa meupe. Wakati huo Sengi alikuwa anarudi kisimani, ndoo kichwani. Akasimama.

"Masunga," akasema, "mti wangu umekukosea nini?"

"Sengi, huu hauzai. Unakula samadi, unakunywa maji, unachukua nafasi tu. Kisichozaa kinakaa bomani kwa kazi gani?"

Ungo wa Kabula ukasimama hewani. Kuku, naapa, nao walisimama. Na mimi, mwanangu, kwa ujinga wa gunia lililoshindiliwa, nikabaki natabasamu, nangoja kusifiwa.

Sengi akatua ndoo. "Kweli," akasema polepole. "Kwa kazi gani." Akainama, akavikusanya vile vikamba vya maua kimoja kimoja, akaviweka kwenye kikapu chake, akaingia ndani.

Kesho yake kulipokucha nyumba yake ilikuwa imefagiwa na mlango umeegeshwa. Kigoda hakipo, chungu hakipo. Alikuwa ameondoka kwenda Nyashimo kwa binti wa marehemu mdogo wake. Ndipo maneno yangu yakanirudia masikioni, yote, na kila neno lilikuwa na jina la Sengi. Ulimi hauna mfupa lakini huvunja mifupa, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimeuvunja mgongo ulionibeba.

Nikaenda zizini kwa baba. "Mwangaluka, baba."

Baba alikuwa anafungua lango la zizi. Hakugeuka. Ng'ombe wote wakatoka, mmoja mmoja, na baada ya wa mwisho ndipo akasema, "Ng'ombe akipotea, aliyekuwa anachunga ndiye anayefuata nyayo. Mpaka dada yangu arudi, mwangaluka yako kaa nayo."

Labda wewe wa kizazi cha kutuma salamu kwa kidole huelewi uzito wake. Kwetu salamu ya asubuhi si neno la kupita njiani. Mtoto huinama akasalimia, mzazi huitikia, hapo ndipo siku huanza. Usipoitikiwa, jua litachomoza la wenzio, lako halijatoka. Mimi niliishi gizani hivyo miezi na miezi, na kila asubuhi nilisalimia, na kila asubuhi baba aliwatazama ng'ombe.

Unadhani nilikimbilia Nyashimo siku ile ile? Ningekuwa na akili ningekimbia. Lakini kiburi cha ujana ni maksai mkaidi, ukimvuta huku anaegemea kule. Nikajiambia, mipapai saba imebaki na yote ni jike, imeanza kuchanua. Nitangoja izae, nitachagua papai kubwa kuliko kichwa changu, nimpelekee Sengi, aone mwenyewe kwamba nilikuwa sahihi, halafu nimwombe msamaha. Sikia hilo vizuri: nimwonyeshe niko sahihi, halafu nimwombe msamaha. Majuto ni mjukuu, ila mimi nilianza kulea wajukuu kabla ya watoto.

Mipapai ile saba ikachanua maua manene, mazuri, yamekaa shinani kama ndege waliotua. Ikachanua na kupukutisha. Nikaongeza samadi. Ikapukutisha. Nikaongeza maji, nikapunguza maji, nikaizungumzisha kwa upole, nikaitukana. Asubuhi nilikuta maua yametapakaa chini kama mahindi yaliyomwagwa, na juu hakuna kitu. Miezi miwili. Kabula akayafagia, siku moja akaniambia, "Baba hakuitikii, miti haikuitikii. Nimebaki mimi tu, na mimi nachoka." Akaweka ufagio chini. "Nenda Nyashimo, Masunga."

Nikaokota maua matatu yaliyoanguka, nikayatia kwenye kiberiti kitupu, nikapanda basi.

Nilimkuta Sengi uani kwa mpwa wake akichambua dagaa, upepo wa ziwa unapepea khanga yake. Nikainama. "Mwangaluka, Sengi."

Akaitikia. Mwanangu, aliitikia. Baba yangu aliyeudhika kwa niaba yake hakuitikia, na yeye niliyemkata kwa maneno aliitikia, akauliza na hali za watu mmoja mmoja mpaka ng'ombe. Nilikaribia kulia hapo hapo, nikajikaza nikafungua kiberiti.

"Sengi, mipapai yako inaumwa."

Akayageuza maua kwa kidole. "Haiumwi. Inangoja."

"Inangoja nini?"

"Zizini kwa baba yako kuna madume mangapi?"

"La mbegu moja. Mengine yamehasiwa, ya kulimia."

"Lile la mbegu lilishawahi kuzaa ndama?"

"Sengi, dume litazaaje?"

"Linakamuliwa?"

"Halikamuliwi."

"Kwa hiyo linakula majani, linakunywa maji, linachukua nafasi tu," akasema, na dagaa mkononi mwake akasimama. "Wewe ni mtoto wa mfugaji. Umelala na ng'ombe, umeamka na ng'ombe. Ungemwona mtu anachinja dume la zizi kwa kosa la kutozaa ndama, ungemwita mwendawazimu. Ila ukaja nyuma ya jiko langu ukafanya hivyo hivyo. Sasa umebaki na mitamba saba, unakaa na kibuyu unangoja maziwa."

Nilikaa chini bila kukaribishwa kiti. Unajua mtu anapokuambia kitu ambacho ulikuwa unakijua maisha yako yote? Ndivyo ilivyokuwa. Mti una dume na jike. Mti, uliosimama mahali pamoja, usiotembea, usio na pembe wala sauti, unatafutana na mwenzake. Na jirani yetu mwenye mipapai alikuwa mbali kwa mayowe matatu, hakuna unga wa ua uliovuka pamba yote ile kuja kutusaidia. Dume letu lilikuwa lile lile moja, na nililikata nikitabasamu.

"Nisamehe, Sengi," nikasema. "Nisamehe mti."

"Mti ulikatwa mara moja," akasema. "Lile neno linanikata kila nikiamka."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Aliendelea kuchambua dagaa mpaka sinia likaisha, kisha akaingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na mbegu za papai, zimesuguliwa majivu, zimekauka.

"Kapande," akasema. "Mimi nitarudi siku utakapoutamani mti usiozaa. Uutamani kweli, si kwa mdomo."

Njiani ndani ya basi nilijiona nimeshinda. Kutamani tu? Hicho ni kitu cha kumshinda Masunga? Nilifika Bariadi nimeshatamani mara arobaini.

Nikasia mbegu kwenye karai lile lile la Sengi. Miche saba ikatoka. Miwili ikaliwa na mbuzi mmoja, mbuzi ambaye hata leo nikimkumbuka nashika fimbo. Mmoja niliusahau kuupandisha kwenye kituta, mvua ikaja, ukaoza miguu. Ikabaki minne. Nikaizungushia miiba kama zizi la ndama, nikaitilia samadi, nikakaa nikaingoja.

Na hapa, mwanangu, ndipo mpapai unapokufundisha kufunga mdomo. Mche wa mpapai huwezi kuujua ni dume au jike mpaka utoe ua. Yote inafanana, majani yale yale, haraka ile ile. Watu huangalia mizizi, huangalia mbegu, huapa kwa vichwa vya watoto wao, wanabahatisha. Mti umelishika jibu ndani yake, na wewe, pamoja na ndevu zako, unangoja nje ya mlango.

Baada ya miezi mitano na siku kadhaa wa kwanza ukachanua. Ua nene, limekaa shinani. Jike. Mama mmoja aliyekuja kuomba moto jikoni akapiga kigelegele, "Hongera baba, utakula mapapai." Nikamshukuru kwa sauti ya mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Wa pili ukachanua. Jike. Wa tatu, jike. Kabula alikuwa na tumbo la miezi mitano wakati huo, bila msumari wowote, akaegemea ukuta wa jiko akinitazama nimeshika kichwa.

"Nimeolewa na mtu wa ajabu," akasema. "Wenzake wanalia kwa kukosa, yeye analia kwa kupata."

Ukabaki mmoja. Nikaanza kuamkia kwenye ule mmoja. Kabla ya kunawa uso, kabla ya kwenda kumsalimia baba na kukosa jibu, napita kwanza nyuma ya jiko kuuangalia. Nilikuwa nauombea usizae. Mimi, mkulima mtoto wa mkulima, napiga magoti kwenye samadi naomba Mungu, tafadhali, huu uwe bure.

Asubuhi moja nikiwa pale chini nikashtuka nikajisikia. Mipapai kumi yote iliyokuwa imesimama pale sikuwa naiona. Macho yangu yote yalikuwa kwa mmoja, na nilikuwa naupenda kwa sababu hautakuwa na kitu chake mkononi, ila bila huo mingine yote ni vivuli tu. Nikamkumbuka mtu. Nikaanza kuhesabu migongo: nani alinibeba mimi, nani aliwabeba wadogo zangu wanne, nani alikaa kitandani na mama siku zake za mwisho akimlisha uji kwa kijiko, nani alinifundisha kukamua, nani alimwita Kabula "mwanangu" siku ya kwanza alipoingia bomani akiogopa. Boma zima lilikuwa limebeba matunda, na mimi nilikuwa nimesimama katikati nauliza yule wa kazi gani. Nikalia, mwanangu. Nililia mpaka mbwa akaja kuangalia. Na Kabula, aliyekuwa amefuata moto, aliniona.

Siku ya nne au ya tano baada ya hapo, kwenye kwapa la jani la ule mti, kikamba kikatoka. Kirefu. Kinaning'inia. Vijiua vya rangi ya maziwa, vimejipanga kama shanga.

Nilikimbia kuzunguka nyumba. Kabula anasema mara tatu, mimi nakumbuka mara tisa.

Nikakata kikamba kimoja tu, nikakifunga kwenye kitambaa chenye maji, nikapanda basi la Nyashimo. Kilipofika kilikuwa kimenyauka, lakini Sengi alipokifungua harufu ilikuwa bado imo. Akaisikiliza kwa pua macho yamefungwa.

"Uliutamani?" akauliza.

"Sengi, nililia."

"Kabula alikuona?"

"Aliniona. Ameshawaambia wote mpaka kisimani."

"Basi ni kweli," akasema, akaingia ndani kuchukua kigoda chake.

Tulifika nyumbani jua linaelekea kuzama. Baba alikuwa langoni mwa zizi. Akamtazama dada yake, akampokea kigoda na chungu, akavibeba mwenyewe mpaka kwenye ile nyumba ya vyumba viwili. Sengi hakwenda hata kunywa maji. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko.

"Kaa," akasema. "Na leo usiseme."

Nikakaa. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu, ile saa kuku wanapanda kulala. Harufu ya mpapai dume ikaamka, ikazagaa uani kama mtu ametoka kuoga. Kisha wakaja. Mwanzoni nilidhani ni ndege wadogo. Walikuwa nondo, nondo wanene kama kidole gumba, mabawa yanakwenda mbio mpaka hayaonekani, wamesimama hewani mbele ya kile kikamba wakichovya ulimi mrefu kama uzi. Mmoja akanyonya, akayumba, akaenda kwenye jike la karibu. Mwingine akavuka mpaka kwenye ile mipapai mizee saba iliyopukutisha maua miezi yote ile. Wakaenda na kurudi, kwenda na kurudi, bila sauti, kama mahujaji. Na mimi nilikuwa nimekula, nimelala na kujisaidia mita ishirini kutoka pale, nisijue kuwa jioni harusi kubwa kuliko harusi zote za Simiyu inaweza kufungwa nyuma ya jiko letu, na bwana harusi nilimpigilia msumari.

Sengi akaweka kiganja chake kichwani kwangu. Ningetaka kukuambia alisema neno zito, lakini kiganja kilitosha.

Asubuhi nikaenda zizini. "Mwangaluka, baba."

Baba akamalizia kufungua lango. Akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya karibu mwaka mzima.

"Mwangaluka, mwanangu," akasema. "Umelalaje?"

Na jua likatoka. Watu wengine watakuambia lilikuwa limeshatoka.

Mipapai yote kumi ikabeba msimu ule. Ilibeba, mwanangu, mpaka kuku wakakataa kupita chini yake. Tuliiwekea miti ya kuegemea kama wazee. Mapapai mengine yalikuwa makubwa hivi kwamba moja tulilipeleka Maswa kwa mjomba na likalipiwa nauli ya mtu mzima. Nimeshakwambia mimi natia chumvi, lakini nenda kamuulize Kabula, yeye ataongeza ya kwake. Binti yetu wa kwanza alizaliwa, na mgongo uliombeba ni ule ule ulionibeba mimi.

Baadaye nilianza masomo ya jioni pale Bariadi mjini, kidato cha nne na ndevu zangu, na cheti kiko kwenye fremu juu ya redio, ukija kwangu utaonyeshwa kabla ya kupewa maji. Mwalimu wa baiolojia alichora ua ubaoni, akaandika chavua, akaandika ovari, akauliza nani anaweza kueleza. Nikanyanyuka nikaeleza mpaka kengele ikalia. Akaniuliza nimesoma kitabu gani. Nikamwambia, nimesoma kwa mwanamke asiyejua kuandika jina lake.

Sasa nasaha zangu ni hizi, na sitakuzungusha. Panda mpapai nyuma ya nyumba yako. Hauhitaji ekari, unahitaji kituta, samadi na maji ya vyombo, na kabla hujabadilisha mawazo utakuwa unakula. Siku hizi kuna mbegu za dukani ambazo kila mti una dume na jike ndani yake, ni nzuri, nunua ukipenda. Lakini ukipanda mbegu za papai ulilokula, usiusogelee mti kwa panga kabla hujajua kazi yake, na ukikuta dume, acha hata mmoja usimame. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mdharau dume hula majani.

Na bomani mwako, mwanangu, kuna mtu ambaye hujui anafanya kazi gani. Hana mtoto, au hana mshahara, au amerudi na kigoda kimoja. Kabla hujauliza kwa sauti yuko pale kwa kazi gani, kaa jioni moja bila kusema, utazame nani anaenda kwake na nani anatoka kwake, na wamebeba nini. Ukiwa umeshasema, usingoje papai kubwa la kwenda nalo. Nenda mikono mitupu, nenda leo.

Mimi nakuombea. Udongo wako usishike maji. Mbuzi wa watu wasiione miche yako. Mgongo uliokubeba usikose pa kuegemea uzeeni. Na kila asubuhi utakapoinama kusalimia, awepo wa kukuitikia.